Hesabu Chipu Kwanza

Fundi ninayemsifu hapa hana kibao mlangoni, kwa sababu hana mlango. Ana meza moja Kariakoo, taa ya kumulikia, kifutio cha penseli na boksi la plastiki lililojaa RAM za mtumba, zimesimamishwa wima kama kaseti za zamani. Nilimpelekea Dell OptiPlex 780, kompyuta ya mezani ya mwaka 2009, niliyoinunulia RAM ya GB 4 ikagoma kuwaka. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba DDR3 zote ni moja.

Fundi hakuichomeka. Aliigeuza, akahesabu chipu nyeusi kwa ncha ya bisibisi: nane, upande mmoja tu.

"Mashine yako haiwezi kuisoma hii, kaka. Inataka yenye kumi na sita."

Nilidhani ananitania. Kumbe saketi ya Intel Q45 inayoiongoza RAM kwenye bodi ile inatambua chipu zisizozidi gigabiti 2. Chipu 16 za namna hiyo zinatimiza GB 4. Chipu 8 za gigabiti 4 nazo zinatimiza GB 4 hizohizo, ila kwa bodi ya zamani kila chipu ni nyumba yenye vyumba visivyo na namba. Lebo husema yote haya kwa herufi chache ambazo wengi wetu huziruka: 1Rx8 ni ile ya chipu nane, 2Rx8 ni ya kumi na sita.

Akaanza kupekua boksi, na hapo ndipo nilipopenda kumtazama. Hakuwa na haraka. Kasi haikumsumbua, maana RAM ya 1333 ikikuta bodi ya 1066 hushusha mwendo, basi. Zenye chipu tisa upande mmoja alizitenga, kwa kawaida ni za seva. DDR2 aliijua kwa kidole, kabla ya kusoma: ina pini 240 sawa na DDR3, lakini pengo lake limekaa mahali pengine, kwa makusudi, kwani moja hutumia volti 1.8 na nyingine 1.5. Nimewahi kuona mtu akilazimisha kwa dole gumba mpaka soketi ikapasuka. Huyu hajawahi kulazimisha kitu mbele yangu.

Alipata mbili zinazofanana, 2Rx8. Akagusa kava la chuma kwanza, kuondoa umeme tuli mwilini, ndipo akasugua pini za dhahabu kwa kifutio, taratibu, akipuliza vumbi. Akazichomeka, kila upande ukalia "tak".

Kompyuta ikawaka. Mimi nikatoa pochi, yeye akanizuia. Akafungua Memtest86+ kutoka kwenye flashi, akaniambia nirudi kesho. RAM ya mtumba, alisema, inaweza kuwaka vizuri asubuhi ikakuharibia faili jioni. Niliporudi, kipimo kilikuwa kimezunguka usiku kucha bila kosa hata moja.

Na ile ya chipu nane haikuwa mbovu. Aliichomeka kwenye kompyuta ya mteja mwingine, ya mwaka 2013, ikawaka papo hapo.