Kazi ya Kukataa

Buguruni, hapa Dar es Salaam, ni mahali pa kufufua. Ukianzia Sheli ukashuka Malapa hadi Kwa Mnyamani, utaona feni iliyoungua imelala kifudifudi mezani kwa fundi na jioni inazunguka, rejeta iliyotoboka inazibwa, kiatu kinavikwa soli ya tairi. Huku kitu hakifi, kinasubiri spea. Sisi tuliokulia hapa humpa fundi heshima kwa alichookoa, na ndiyo maana nilichelewa kumwelewa jirani yetu mmoja, mstaafu wa jeshi, ambaye ustadi wake wote umo katika kukataa.

Mtaani bado tunamwita Afande. Sehemu kubwa ya utumishi wake ilipita ghalani, akitunza silaha, na ukimkuta kibarazani jioni na kahawa yake hatakusimulia shabaha wala gwaride. Atakusimulia magazini za bastola na namna ya kuzipima. Nilipomsikiliza mara ya kwanza nilidhani mzee anakwepa hadithi zenyewe. Siku hizi naamini hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Magazini ni kisanduku chembamba kinachoingia ndani ya mpini. Kina vitu vinne: bati lake, springi, kibao kidogo kinachokaa juu ya springi na kubeba risasi, na kifuniko cha chini. Ndicho chenye sura ya kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye bastola, na bastola nyingi zinazosemwa ni mbovu hazina ubaya wowote, ubaya umo humo. Bastola inapofyatuliwa, slaidi hurudi nyuma, hutupa ganda nje, kisha huja mbele na kuisukuma risasi ya juu kuingia chemba. Katika kufumba na kufumbua huko springi iwe tayari imeinua risasi inayofuata hadi kwenye midomo ya magazini. Ikichelewa, slaidi hupita juu na kufunga chemba tupu, au huikuta risasi njiani na kuibana ikiwa imeinamisha pua. Midomo nayo ikipanuka kidogo tu, risasi hurukia juu kabla ya wakati wake. Ikibanana, haitoki.

Wabunifu wa bastola walilijua hilo zamani. Mrusi Fedor Tokarev, katika bastola yake ya TT iliyotoka mwaka 1930 na kuboreshwa 1933, hakutaka kuitegemea midomo ya bati peke yake. Alichonga njia ya kuongozea risasi ndani ya bastola yenyewe, ili magazini iliyobonyea isiangushe kazi nzima. Wachina wakainakili kwa jina la Type 54, na bastola za ukoo huo zikatapakaa Afrika. Huko Ubelgiji, Dieudonné Saive alishika njia nyingine. Bastola ya M1911 ya Wamarekani ilibeba risasi 7 kwenye safu moja. Yeye akazipanga safu mbili, na Browning Hi-Power ya mwaka 1935 ikabeba 13. Lakini safu mbili hizo lazima ziwe moja zikifika juu, kama abiria wa Gongo la Mboto wanaogombea mlango mmoja wa daladala jioni, na hapo shingoni ndipo panapotakiwa bati lililokunjwa na mtu asiyekuwa na haraka.

Afande alianza na rangi na brashi. Kila magazini ilipewa namba, kwa sababu isiyo na namba haina historia, na isiyo na historia huwezi kuishtaki. Halafu aliifungua, kiganja kikiziba mdomo ili springi isimrukie usoni, akaifuta kwa kitambaa kikavu. Oili ndani hakutaka. Wengi huipaka kwa kuhofia kutu, na hofu hiyo ina haki katika mji wenye hewa ya chumvi na kwa bastola inayoshinda imelowa jasho kiunoni, lakini oili hukamata vumbi, na vumbi likichanganyika nayo huwa uji mzito unaokizuia kibao kupanda. Kutu alipambana nayo kwa kufungua mara kwa mara na kufuta.

Ndipo alipokwenda nazo uwanja wa shabaha, na hapa ndipo mzee huchangamka. Risasi za katikati hazikumshughulisha sana. Magazini ikijaa, springi imeminywa mpaka mwisho na risasi ya kwanza imegandamizwa midomoni, kwa hiyo kuikokota ni kazi. Ikibaki moja, springi imenyooka na nguvu zake zimepungua, kwa hiyo ya mwisho ndiyo inayoinuliwa kwa uvivu. Alisikiliza hizo mbili. Baada ya ya mwisho aliangalia kama slaidi imebaki wazi nyuma, dalili kwamba kibao kimefika juu na kuinua kizuizi. Tena alipima kwa risasi zilezile zitakazobebwa kazini, maana pua butu na pua ya mviringo hazipandi chemba kwa namna moja.

Bastola ikikwama hakulaumu kitu. Aliandika namba, akaihamishia magazini ile kwenye bastola nyingine na kuipa bastola ya kwanza magazini nyingine. Ugonjwa ukihama na magazini, mwenye hatia amejulikana. Ukibaki na bastola, magazini inaachiwa huru. Hakuna darubini wala kompyuta hapo, ni daftari na subira, na sijaona hoja nyoofu kuliko hiyo. (Niliwahi kufanya kazi katika ofisi ambako mtu alihamishwa idara, tatizo likabaki palepale, na bado alilaumiwa yeye. Hapakuwa na daftari.)

Uraiani mambo ni mengine. Sheria ya mwaka 2015 ya silaha na risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inamdai mwenye bastola leseni na masharti ya utunzaji. Kwamba magazini yake inalisha au hailishi, hilo anabaki nalo mwenyewe. Mfanyabiashara anaweza kuinunua, akaijaza, akaishindilia kiunoni, na miaka ikapita. Risasi ni ghali na pa kufyatulia ni pachache, kwa hiyo kinachombebea moyo ni imani. Afande hasemi lolote kuhusu watu hao, anatikisa kichwa tu na kuomba kahawa nyingine.

Kwake magazini ilipewa nafasi mbili. Ikikwama mara ya kwanza ilisafishwa na kuwekwa springi mpya ya kiwandani. Ikikwama tena ilipigwa msalaba wa rangi nyekundu, ikaingizwa kwenye leja na kurudishwa juu kwenda kuharibiwa, hata kama ilikuwa inang'aa, hata kama ilikwama baada ya kulisha vizuri siku nzima. Najiuliza ni wangapi kati yetu wangeweza. Kukataa kitu kibovu kila mtu anaweza. Kukataa kitu kinachofanya kazi karibu kila mara, mbele ya watu wanaokuambia unaharibu mali, kunataka moyo wa namna yake.

Hoja hiyo niliishuhudia ikibishaniwa Malapa, kwa fundi anayekunja springi za kila aina, za vitanda, za mageti, za viti vya magari. Fundi alimwambia Afande kwamba springi ya magazini angeikunja kabla chai haijapoa. Afande akaiokota mezani moja ya kazi zake, akaiminya, akaiachia, akaiminya tena, akamsifu kwa dhati. Kisha akasema hata hiyo asingeipokea ghalani kwake.

Fundi akacheka. "Mzee wangu, mbona breki za daladala hamzipimi hivyo?"

"Ndiyo maana nimekuja kwa miguu," akasema Afande.