Mafundi wa Kivuli

Bati la nyumba yangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, lilikuwa paa la mtu mwingine kabla ya kuwa langu. Nalijua kwa matundu ya misumari: yapo mahali ambapo mimi sikupigilia kitu. Jua likipanda, kila tundu linashusha duara dogo la mwanga sakafuni, na kufika saa nne maduara yamehama kutoka mguu wa kitanda hadi penye ndoo ya maji. Watoto wakitaka kujua saa hawaniulizi. Wanatazama chini.

Sakafu hiyo ndiyo iliyonifungulia kazi ya watu ambao nilikuwa nikisoma habari zao bila kuwaelewa: wanaotafuta atomu zinazooza katikati ya nyota za Njia Nyeupe, kwa kunasa miale ya gama. Darubini ya kawaida hukusanya mwanga kwa kioo au lenzi. Mwale wa gama wa aina hii hauna adabu hiyo. Hauakisiki wala haupindiki, unapenya tu. Usipoweza kuukusanya, utajuaje umetoka wapi? Mafundi wakajibu: kwa kivuli chake. Kwenye setilaiti ya Ulaya iitwayo INTEGRAL, iliyorushwa Oktoba 2002, walifunga ngao ya tangsteni yenye unene wa sentimita 3, imetobolewa kwa mpangilio maalumu, mita 1.7 juu ya vipokezi 19 vya jemaniamu. Miale ikitoka upande huu, kivuli kinaangukia vipokezi hivi. Ikitoka upande ule, kinaangukia vingine. Ukikijua kivuli unarudi kinyumenyume hadi kwenye chanzo. Ni paa langu hasa, ila wao walitoboa kwa makusudi.

Na wanachokitafuta ni kitu cha jikoni: alumini. Anayeshuka Kanengo, eneo la viwanda la Lilongwe, kwa basi dogo, msimu wa mnada, anapokewa na harufu ya tumbaku kabla hajafika. Lakini mimi macho yangu yako kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimewahi kusimama kumtazama fundi wa sufuria. Alitupa ndani ya chungu cha moto pistoni za injini na kifuniko kilichopasuka, akaondoa utando wa taka kwa kijiko kirefu, kisha akamimina uji ule mweupe kwenye kalibu ya mchanga, taratibu, mkono hautetemeki. Alumini ile ina protoni 13 na nyutroni 14, nayo itadumu. Ndugu yake ana nyutroni 13. Huyo anaitwa alumini-26, hupikwa ndani ya nyota kubwa na katika milipuko yao, naye hadumu: katika kila miaka 717,000 hivi nusu yake inageuka kuwa magnesi. Kila atomu inapogeuka, karibu kila mara hutoa mwale wenye nguvu ileile, kilo-elektroni-volti 1809. Hiyo ndiyo sauti yake.

Kwa vile umri wake ni mfupi kuliko wa galaksi, kuuona mwale huo ni ushahidi kwamba jiko bado linawaka. Ushahidi ulipatikana kwa mara ya kwanza na setilaiti ya Marekani, HEAO-3, iliyorushwa 1979. Mwaka 2006 mwanaastronomia Roland Diehl na wenzake, kwa kutumia INTEGRAL, walionyesha kwamba mstari huo wa 1809 unasogea kidogo juu au chini kulingana na mzunguko wa galaksi, yaani alumini hiyo imetapakaa kote na inazunguka pamoja nayo. Wakapiga hesabu: nyota kubwa mbili hivi hulipuka kwa kila karne katika galaksi yetu.

Hapa lazima nikae kidogo, maana sifa ninayowapa mafundi hawa iko hapa. Chukua eneo la sentimita moja ya mraba, sawa na ukucha wa kidole. Kutoka sehemu yote ya ndani ya Njia Nyeupe, miale ya alumini inayopita kwenye ukucha huo ni mmoja kwa kila dakika 50 hivi. Mmoja! Na wakati huo chombo chenyewe kinapigwa na chembechembe za angani mchana na usiku, na mwili wake umejengwa kwa alumini, na alumini hiyo ikipigwa hutoa mwale wa karibu 1809 vilevile. Sufuria inajifanya nyota. Fundi anapata mlio anaoutaka, kisha jambo la kwanza ni kuushuku: huu ni wa mbinguni, au ni wangu mwenyewe? Sisi wa kambini tumehesabiwa mara nyingi, tunajua karani anayehesabu ili amalize na anayehesabu ili ajue. Hawa ni wa aina ya pili, na kazi yao kubwa ni kutoa, si kujumlisha.

Jemaniamu nayo huchoka. Chembe zilezile zinaichubua ndani mpaka inaanza kusikia vibaya. Kwa kawaida ilikaa kwenye baridi kali, karibu nyuzi 190 chini ya sifuri. Basi kila baada ya miezi sita hivi, mafundi walioko Duniani waliipasha moto hadi nyuzi 100 kwa siku kadhaa, majeraha yakajifunga, wakaipoza tena. Vipokezi vinne vilikufa, 15 vikaendelea. Kazi hiyo ilikwenda hivyo hadi Februari 2025.

Msomaji wa Kiswahili asidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya miale ya eksi, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, nchini Kenya. Miaka miwili baadaye, Novemba 1972, jukwaa hilohilo lilirusha SAS-2, iliyokuwa miongoni mwa macho ya kwanza ya gama. Haikuweza kuiona alumini, kwa kuwa ilitazama miale yenye nguvu zaidi, na ugavi wake wa umeme ulikufa Juni 1973. Lakini Waitalia na Wamarekani hawakuja pale kwa uzuri wa ufukwe. Kwenye ikweta usumaku wa Dunia hukinga vizuri kuliko kwingine, kelele zinapungua, na mwenye kuhesabu mwale mmojammoja anathamini utulivu kama mvuvi anavyothamini maji yasiyo na upepo.

Chombo kinachofuata kinaitwa COSI. Kitatumia jemaniamu tena, kitaitafuta alumini-26 tena, na kitazunguka juu ya ikweta. Kimepangwa kurushwa mwaka 2027, na antena ya kupokea hesabu zake iko Malindi.