Bahati Katika Nchi ya Atupele

Ufundi wa kutoa majina hauna karakana wala cheti, na wengi wanaouweza hawajui kwamba ni mafundi. Ukitaka kuukuta umekomaa, ondoka Mbeya mjini, shika barabara ya Kyela, pita Kiwira, shuka Tukuyu. Mvua itakupokea, maana mji huu hupata zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, na migomba na mashamba ya chai yako pale kushuhudia. Watalii wanakuja kutazama Mlima Rungwe, Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu. Mimi ningependa mtu aje kusikiliza watu wanavyoitana sokoni, kituo cha mabasi, au Jumapili nje ya kanisa la Moravian. Atupele. Ambokile. Tulinagwe. Asajile. Aliko. Halafu, katikati yao, bila kushangaza yeyote: Bahati.

Yale matano ya kwanza ni ya Kinyakyusa, na kila moja ni sentensi kamili. Atupele ni "ametupa". Asajile ni "amebariki". Tulinagwe ni "tuko naye". Tupokigwe ni "tumeokolewa", na Atuganile ni "ametupenda". Kuna hata Aliko, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "yupo" tu, basi. Hoja nzima ya dini imesemwa kwa silabi tatu na mtu aliyekuwa na mtoto mgongoni. Anayemwita mtoto wa namna hiyo akale chakula, anatoa tamko bila kukusudia.

Angalia kilichoachwa nje. Nani ametupa? Nani amebariki? Jina halisemi. Mtendaji amefichwa katika ile a- ya mwanzo, na kila Mnyakyusa anajua ni Kyala, yaani Mungu. Hapa pana historia. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika kwamba zamani Kyala alikuwa shujaa mwenye mahali pake pa matambiko kando ya Ziwa Nyasa, kama shujaa mwingine, Lwembe, alivyokuwa na pake Lubaga. Wamisionari walipofika, Wamoravian wakafungua kituo Rungwe mwaka 1891 na Walutheri wa Berlin wakaanza kazi nchini humo mwaka huohuo, jina hilo likapanuliwa hadi likambeba Mungu wa Biblia. Kwa hiyo kile kiambishi cha herufi moja kimebeba mengi kuliko kinavyoonekana. Fundi wa kweli hujua cha kuacha bila kusema, na hapa kimeachwa kitu kikubwa kuliko vyote.

Kisha kuna ufundi wa nani anasema. Chukua Ambwene, jina ambalo Watanzania wengi wanalijua bila kujua kwamba wanalijua, maana ndilo jina la mwanamuziki AY, Ambwene Yessaya. Mswahili akiliona ataona -m- na kudhani ni "amemwona". Sivyo. Katika Kinyakyusa ni "ameniona". Ambokile nalo ni hivyohivyo: "ameniokoa", ile p ya kuokoa, poka, imekutana na sauti ya "mimi" ikageuka kuwa b. Sasa huyo "mimi" ni nani? Mtoto mchanga hajui kuokolewa ni nini. Anayesema ni mama, au baba, au bibi aliyepewa heshima ya kutoa jina. Ameweka sentensi yake kinywani mwa mtoto, na kuanzia siku hiyo mji mzima utairudia kwa niaba yake: mwalimu akiita mahudhurio, kondakta akimtafuta abiria, mchumba akinong'ona. Wote watasema "ameniona". Sijui mtunzi wa mashairi mwenye hadhira kama hiyo.

Na nyakati za vitenzi zimepangwa kwa makini. Majina mengi yanasimulia jambo lililokwisha: ametupa, ameniona. Lakini kuna Subilaga, na ile -aga ya mwisho inaendeleza tendo: "uwe unatumaini", usiache. Aliyeitwa hivyo alizaliwa katika nyumba ambayo bado ilikuwa inangoja kitu. Tuntufye ni mwaliko, "tumsifu". Mtu anayekifahamu Kinyakyusa akisomewa majina ya darasa moja la shule ya msingi, anasikia ni nyumba gani ilikuwa inalia, ipi ilikuwa inacheka, na ipi ilikuwa imekaa kimya ikisubiri.

Lipo kundi jingine, la nomino tupu: Lugano ni upendo, Lwitiko ni imani, Lusubilo ni tumaini, Lusekelo ni furaha, Lusajo ni baraka, Ipyana ni neema, Lutengano ni amani. Mawili ya mwisho ni majina ya mahali pia, moja Kyela na jingine hapa Rungwe. Ni majina mazuri, na sina ugomvi nayo. Lakini nayasikia yana harufu ya darasa la ubatizo. Neno kama upendo linamngoja mtu alipende, ilhali Atuganile tayari limeshapenda na limeshataja aliyependwa. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachagua kitenzi.

Na hapo ndipo Bahati linanipa kazi. Nalo ni nomino. Halina kiambishi, halina wakati, halina mtenda. Na halikuzaliwa hapa, wala halikuzaliwa pwani. Ni la Uajemi.

Kwa Kiajemi ni bakht. Waarabu walilichukua kama lilivyo, na pwani yetu ikalipokea na kulilainisha: kh ikawa h, kama khabari ilivyokuwa habari, konsonanti mbili zilizogongana zikatenganishwa kwa irabu, na irabu nyingine ikafungia mwisho. Limeingia katika msafara mmoja na bandari, diwani na darubini, ambayo nayo yana asili ya Kiajemi. Wakati Wajerumani walipokuwa na boma lao hapa Tukuyu wakipaita Neu Langenburg, Kiswahili kilikuwa kinapanda nyanda hizi pamoja na askari na makarani. Baadaye kikaja na shule, na vijana waliokwenda Chunya kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa wakarudi wakikizungumza. Neu Langenburg limekwisha kusahauliwa na kila mtu isipokuwa wasomaji wa ramani za zamani. Bahati limebaki.

Kwa nini libaki hili, na si majina mengine ya Kiajemi? Afrika Mashariki haijakosa majina ya kwanza kutoka huko. Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyetawala kutoka Julai 1963 hadi Mapinduzi ya Januari 1964, aliitwa Jamshid, jina la mfalme wa kale anayesimuliwa na Ferdowsi katika Shahnameh. Mwaka 1946, Mji Mkongwe, katika familia ya Waparsi, alizaliwa mtoto aliyeitwa Farrokh Bulsara. Dunia ilikuja kumjua kama Freddie Mercury, lakini Farrokh ni Kiajemi safi, lenye maana ya mwenye heri, aliyejaliwa. Kumbe ukitaka pacha wake Rungwe, yupo: Nsajigwa, "mbarikiwa". Wapenzi wa soka wanamkumbuka Shadrack Nsajigwa, beki wa Yanga aliyekuwa nahodha wa Taifa Stars. Mmoja akiimba mbele ya maelfu Uingereza na mwingine akikaba pembeni kulia Dar es Salaam, majina yao yalikuwa yanasema neno lilelile.

Lakini Jamshid na Farrokh yalifika yakiwa ya wenyewe. Yalikuja na ukoo, na ukoo ulipoondoka yalipanda chombo pamoja nao. Bahati lilifika bila mwenyewe. Lilikuwa neno la kila siku kwanza, la mvuvi na la mchuuzi, na mtu yeyote aliyelihitaji aliliokota akampa mwanawe bila kuomba ruhusa kwa ukoo wowote. Ndiyo maana limeenea hivi. Ni la mwanamume na la mwanamke, la Mkristo na la Mwislamu. Tanzania tunaye Bahati Bukuku, mwimbaji wa Injili. Kenya yupo mwanamuziki aliyeacha majina yake ya Kevin Kioko akajulikana kwa Bahati tu. Uganda yupo mwanasiasa David Bahati. Mashariki ya Kongo, Kivu hasa, ni jina la kawaida kabisa. Modeste Bahati Lukwebo, aliyeanza kuongoza Seneti ya nchi hiyo mwaka 2021, anatoka huko. Wengi wa hawa lugha zao za kwanza si Kiswahili, na sidhani kama kuna anayemfikiria Mwajemi akisaini.

Kuna upande mwingine wa jina hili, na ni mzito. Katika nchi za Waarabu, majina yenye asili ya bakht walipewa sana watumwa. Kwenye miaka ya 1870 msichana mmoja wa Darfur alitekwa akiwa mdogo, na waliomteka wakamwita Bakhita, "mwenye bahati". Mateso yalimfanya asahau jina alilopewa na wazazi wake, asilikumbuke tena maishani. Alikombolewa Italia, akawa mtawa, akafariki mwaka 1947, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mtakatifu kwa jina lilelile la watekaji. Leo wazazi Wakatoliki Afrika Mashariki wanawaita binti zao Bakhita kwa upendo mtupu. Ukiuliza ubaya wa jina lile ulikuwa wapi, hauko katika herufi. Uko kwa aliyetamka kwanza, na alikuwa anataka nini kwa aliyetamkiwa. Mshika mnyororo akisema "una bahati" anadhihaki. Mama aliyetoka salama katika wodi ya hospitali ya Makandana, baada ya usiku ambao wauguzi walikuwa wanaangaliana, akisema neno hilohilo, anatoa ushahidi.

Hapa namfikia mtu ambaye huwa analipinga jina hili, na Rungwe yupo, mara nyingi ni mzee wa kanisa. Atakwambia bahati ni mambo ya kamari. Mungu hatoi kwa kubahatisha, kwa nini mtoto wa Kikristo aitwe hivyo wakati Atupele lipo? Hoja yake ina nguvu siku hizi ambapo karibu kila mji una kibanda cha kubetia, na bahati nasibu inatangazwa redioni asubuhi na jioni.

Ningemjibu kwa kwenda nyuma zaidi ya pwani. Mzizi wa bakht katika lugha za kale za Iran ni kitenzi cha kugawa. Bakht ni kilichogawiwa: fungu la mtu, sehemu aliyokatiwa. Katika mzizi huohuo limetoka neno la kale la mungu, baga, yaani mgawaji, na wataalamu wengi wanaona ndilo lililomo katika jina la mji wa Baghdad, "uliotolewa na Mungu". Hata nasibu, mwenzake Mwarabu anayefuatana naye kwenye tiketi, maana yake ya kwanza ni fungu. Hakuna mchezo wa kete hapo. Kuna mkono unaogawa na mwingine unaopokea, kama unga unapogawiwa nyumbani. Mtenda alikuwapo tangu mwanzo. Karne nyingi za safari ndizo zilizomfuta.

Kwa hiyo wazazi wa Rungwe wanaomwita mtoto Bahati, na ndugu yake akiwa Atupele, wamefanya jambo ambalo mwanaisimu angelitamani. Wameliweka neno la Kiajemi karibu na kitenzi cha Kinyakyusa, na lile fungu likarudishiwa mgawaji wake. Hawakufungua kamusi. Waliyasikiliza majina yanavyokaa pamoja.

Kwani hilo nalo ni sehemu ya ufundi: jina halitolewi peke yake. Mama anayetoa jina anajitaja pia, maana kuanzia kesho yake hataitwa tena kwa jina lake la usichana bali Mama Bahati, na mumewe Baba Bahati, hadi uzee. Anachagua atakachoitwa yeye mwenyewe akinunua ndizi au akiingia msibani. Nimesikia watu wakidharau majina mapya yanayoingia, Brian na Ivan na Precious, na sina hamu ya kujiunga nao. Misheni ilileta yake, pwani ikaleta yake, na mji ukayachuja. Nitamuuliza tu mzazi kijana kama yuko tayari kuitwa hivyo kwa miaka hamsini.

Na watoto wakiwa wengi, majina yao yanajibizana. Wa kwanza aliyengojewa miaka mingi akiwa Subilaga, wa pili anaweza kuwa Atupele, kisha Tusajigwe, "tumebarikiwa". Msimulizi hahitaji kuongeza kitu. Nikiulizwa Bahati akae wapi katika foleni hiyo, nitasema asiwe wa kwanza. Akiwa wa kwanza anasikika kama mtu aliyeshinda tiketi. Aje baada ya Atupele, ili ile a- iwe imeshatamkwa ndani ya nyumba, na anayewaita wote wawili waje kuchota maji awe amesema kwa pumzi moja nani alitoa na kilichotolewa ni nini.