Mzinga wa Kibata na Maelezo ya Picha

Katika vitabu vya Vita Kuu ya 1914–1918 huonekana picha ya mzinga mrefu uliopandishwa juu ya gari la magurudumu mazito, na chini yake maneno machache: silaha ya Kijerumani iliyotekwa. Maneno hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Picha ni shahidi, na shahidi asipohojiwa husema lile tu alilofundishwa na aliyemleta barazani. Kwa watu wa Kinjumbi na vilima vya Matumbi jambo hili si la mbali, kwani mzinga wa namna hiyo ulinguruma Kibata, kwa jirani zao, mnamo Desemba 1916.

Yatupasa kwanza kuutambua mzinga wenyewe. Huko Kibata Wajerumani walileta mizinga ya namna mbili yenye kipenyo kimoja cha sentimita 10.5. Namna ya kwanza ilitoka katika manowari Königsberg, iliyokuwa na mizinga 10, na ambayo mabaharia wake waliizamisha katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915 baada ya kushambuliwa na Waingereza. Mizinga iliopolewa, na karakana ya reli ya Dar es Salaam ikaiundia magari. Namna ya pili ni mizinga mifupi ya nchi kavu, iliyoteremshwa na meli Marie katika ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916. Basi kutaja kipenyo peke yake hakufai kitu. Mtazamaji na apime urefu: mtutu wa manowari ni mara 40 ya kipenyo chake, yaani zaidi ya mita 4, ule mfupi haufiki hata mita 2. Kipimo kimo ndani ya picha: ni mtu aliyesimama kando ya gurudumu.

Lakini hapo nasi tusifanye haraka. Waingereza nao waliopoa mizinga ya manowari yao Pegasus, ambayo Königsberg iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, wakaitumia bara. Kipenyo chake ni inchi 4, na mtutu wake ni mrefu vilevile. Katika shauri hili urefu hauamui. Huamua kifungio cha nyuma. Cha Kijerumani huteleza ubavuni, cha Kiingereza huzungushwa kama skrubu. Mwanafunzi afikaye Ngome ya Yesu, Mombasa, ataikuta mizinga ya manowari zote mbili.

Hadi hapa tumesoma chuma. Imebaki kusoma watu, na hapa ndipo maelezo ya picha yanapotuangusha. Gari lile halikujivuta. Katika nchi ya mbung'o wanyama wa kukokota walikufa, na mamia ya watu wakafungwa kamba za mzinga kuupandisha vilimani. Ilikuwa nchi ileile ambamo Maji Maji ilianza, huko Nandete, Julai 1905. Desemba ya mwaka huohuo Königsberg iliteremshwa majini huko Kiel. Miaka 11 baadaye, wana wa waliopigwa kwa bunduki za Wajerumani waliuona mzinga wa Wajerumani ukipandishwa kwa mabega ya Waafrika.

Neno "iliyotekwa" basi lina upungufu. Chuma kilitekwa mara moja. Wapagazi walichukuliwa kwa nguvu na Wajerumani, kisha na Waingereza. Jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza limesalia Kariakoo, ambako wengi hununua na kuuza bila kukumbuka asili yake. Hata Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, umbo lake ni la askari mwenye bunduki. Mpagazi ametajwa kwa maandishi.

Kwa hiyo twawaomba walimu wawape wanafunzi picha hizo waziandikie upya maelezo. Yatajwe mambo matatu: mtutu ulikotoka, mahali gari lilikoundwa, na watu waliolivuta. Jambo la kwanza ni elimu ya silaha, la pili ni elimu ya ufundi. La tatu ni historia yetu, na likiachwa, hayo mawili ya mwanzo yatakuwa sifa za mzinga tu.