Mchezo Usiochezeka Peke Yako

Mtu mmoja hawezi kucheza It Takes Two. Sio kwamba ni mgumu; haukubali tu. Ukiuwasha na padi moja, unasubiri mpaka mwenzako ashike yake. Studio ya Hazelight ya Stockholm iliutoa Machi 2021, na mwaka haukuisha kabla haujatwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka kwenye The Game Awards. Mwongozaji wake, Josef Fares, alizaliwa Beirut, akahamia Sweden na familia yake akiwa mtoto, akatengeneza filamu kabla ya kuingia kwenye gemu. Filamu zinaonekana katika kazi yake, lakini ninachotaka kukisifu ni ufundi wake wa kugawa.

Cody na May ni mume na mke walioamua kuachana. Machozi ya binti yao, Rose, yanawageuza kuwa wanasesere wawili aliowatengeneza mwenyewe: baba wa udongo, mama wa mbao. Ndani ya banda la zana Cody anapata misumari, May anapata kichwa cha nyundo. Cody anarusha msumari, unakita kwenye ubao. May anaruka, anaudaka kwa nyundo, anabembea, anatua ng'ambo. Misumari ni michache, kwa hiyo Cody lazima auite wa nyuma umrudie ili arushe wa mbele. Bila May, misumari yake haimvushi popote. Bila Cody, May hana pa kuning'inia. Hapo ndipo sebule inapoanza kuchangamka: "Weka ule wa juu." "Ngoja, sijafika." "Haya, rusha! Rusha sasa!" Ni kama michi miwili katika kinu kimoja: wa kwako haushuki mpaka wa mwenzako umepanda.

Fundi mwingine angeridhika na misumari hiyo mpaka mwisho. Hazelight wanawanyang'anya. Mkifika kwenye mti, Cody anarusha utomvu na May anaurushia kiberiti cha moto ili ulipuke. Ndani ya saa ya ukutani, Cody anarudisha muda nyuma na kuupeleka mbele, naye May anaacha nakala yake mahali fulani kisha anairudia kufumba na kufumbua. Kila mara mnaanza upya, na anayeanza upya hana ubingwa wa kumtambia mwenzake. Nyumba nyingi zina mmoja aliyekulia kwenye vibanda vya gemu na mmoja ambaye hajawahi kushika padi. Kwa nyumba kama hizo, gemu ya Super Mario Galaxy ya 2007 ilimpa mchezaji wa pili kazi ya kuelekeza rimoti kwenye skrini na kuokota vipande vya nyota. Huyo ni msindikizaji. Hapa hakuna msindikizaji. Ukifa unarudi mara moja, na mwenzako hakuburuzi mpaka mwisho kwa ustadi wake, maana mlango hafungui peke yake.

Skrini nayo imegawanywa katikati, na ugawaji huo una gharama: mashine inachora dunia mara mbili kwa wakati mmoja. Gemu ya Halo 5 iliuacha kabisa mwaka 2015, na wachezaji wengi wakaudhika. Hazelight waliung'ang'ania, hata wachezaji wakiwa miji tofauti, ili kila mmoja amwone mwenzake anahangaika na nini.

Wanaopenda kelele zaidi wana Overcooked, iliyotengenezwa na watu wawili wa Cambridge na kutolewa 2016. Unakata nyanya, mwenzako yuko jikoni kwenye lori jingine, malori yanaachana barabarani na sahani zimebaki upande wake. Naupenda, ingawa unachosha haraka. Unadai mwendo tu, na wanandoa wana mambo mengine ya kudaiana.

It Takes Two unayadai. Kwa hadithi si mkamilifu: kuna kitabu chenye masharubu, Dk. Hakim, kinachohubiri mapenzi kuliko inavyohitajika. Lakini kuna sehemu ya tembo wa kitambaa, Cutie. Cody na May wanaamini kwamba Rose akilia tena watarudi kuwa binadamu, hivyo wanaamua kumharibu mwanasesere anayempenda kuliko wote. Tembo anaomba, anashikilia kila kitu njiani, na nyinyi mnamvuta huku mkibonyeza padi zenu. Wengi wanaichukia sehemu hiyo, wanasema ni ukatili usio na sababu. Mimi naona ni kazi ya fundi yuleyule wa misumari. Amegawa kuruka, amegawa muda, sasa amegawa kosa, nusu kwa nusu. Filamu ingewaonyesha wazazi wanaokosea na nyinyi mngewalaumu mkiwa mmeegemea sofa. Hapa mume wangu alinigeukia akauliza, "Hivi tunafanya nini?" na vidole vyake bado vilikuwa vinabonyeza, kama vyangu.