Sifa za Mwalimu wa Kisomo

Mtoto akichoshwa na somo, kengele humweka darasani. Mtu mzima akichoshwa, kesho humwoni: ana shamba, ana mifugo, ana msiba kwa jirani. Ndiyo maana ufundi wa mwalimu wa kisomo nauona mgumu kuliko wa mwalimu mwingine yeyote. Hana cha kumshikia mwanafunzi wake isipokuwa somo lenyewe.

Tuchukue mama wa Susuni, wilayani Tarime, anayeuza ndizi Sirari, mpakani. Mteja anamlipa shilingi za Kenya. Anapiga hesabu kichwani na kurudisha chenji ya Kitanzania, hakosei. Ukimkalisha kwenye dawati la mtoto na kumwambia moja na moja ni mbili, umemdhalilisha. Mwalimu hodari humwomba kwanza, "Mama, hebu tueleze unavyobadili." Wenzake wanasikiliza, mmoja anabisha, mkungu unauzwa kwa maigizo palepale. Hapo ndipo chaki inapoandika yale ambayo mama ameshayasema. Hesabu alikuwa nayo. Alichokosa ni namna ya kuiweka kwenye karatasi.

Kanda ya Ziwa ufundi huu una historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO, makao yake Mwanza, ulifika hadi Mara na vitabu vya kisomo kuhusu pamba, uvuvi na ufugaji, ili mtu asome kazi anayoifanya. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani humo, akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vilisikiliza redio, vikajadili, kisha vikashika majembe kuchimba vyoo. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Takwimu za serikali za 1986 ziliwaweka chini ya asilimia 10.

Kampeni zilisifiwa, na zilistahili. Lakini kila jioni kazi ilimwangukia mwalimu mmoja, mara nyingi kijana mbele ya wazee. Ilimpasa ajue kunyamaza mjadala unapokolea, na asimuulize mzee swali gumu mbele ya mkwewe. Maigizo, majadiliano na ziara za shambani hufundishwa chuoni. Heshima ya namna hii mwalimu huipata kwa kuishi na watu anaowafundisha, na akiikosa, mbinu zote hizo ni mapambo tu.