Pumzi ya Fundi

Karakana za kuchomelea mageti na madirisha mjini Gisenyi mara nyingi ziko wazi, na uwazi huo ndio unaowadanganya watu. Si upepo wa Ziwa Kivu unapita humu? wanasema. Unapita, kweli. Lakini mtazame fundi kazini: ameinama, uso u karibu kabisa na cheche, na moshi wenye manganizi unampanda puani kabla upepo haujauwahi.

Ndiyo maana mpimaji hodari hakipimi chumba. Anapima pumzi ya mtu mmoja. Mwaka 1960 Sherwood na Greenhalgh, wa kituo cha atomiki cha Harwell, Uingereza, walieleza kifaa cha kuvuta hewa ambacho mfanyakazi anakivaa mwenyewe, na mpaka leo utaratibu ni ule ule: pampu kiunoni, mpira mgongoni, kikasha cha kichujio kwenye kola, si zaidi ya sentimita 30 kutoka puani. Kwa mchomeleaji kikasha huingia ndani ya barakoa yake.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi kazi hii inavyojishuku. Kasi ya pampu hukaguliwa asubuhi, ikakaguliwa tena jioni. Kasi hizo mbili zikiachana mno, jasho la siku nzima linatupwa. Kisha kuna kichujio kisichopitishiwa hewa kabisa. Hufunguliwa, hufungwa, kikapelekwa maabara pamoja na wenzake. Kikikutwa na metali, mchafuzi ni mpimaji. Ni kazi ngapi zinazosafiri na shahidi wa kuzishtaki zenyewe?

Chukua madini ya risasi. Lita 2 kwa dakika, kwa saa 8, ni lita 960, karibu mita moja ya ujazo. Kikomo cha Marekani kwa hewa ya kazini ni maikrogramu 50 kwa kila mita ya ujazo. Igawe punje ya mchele vipande mia tano hivi: kimoja ndicho uzito unaotafutwa. Jicho haliuoni, na maziwa ambayo mafundi huamini yanasafisha kifua hayauondoi.

Faridah Were na wenzake walipima risasi katika hewa ya kiwanda cha kurejeleza betri nchini Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Kwenye uzalishaji wastani ulikuwa maikrogramu 427 kwa kila mita ya ujazo. Hilo lingetarajiwa. Ila walipima ofisini pia, mahali ambapo wengi wangeona ni kupoteza kichujio bure, wakapata 59.